Hewa Inatoka Wapi

Usiku ule niliota jua la saa saba mchana, lile la Singida ambalo likikushika uwanjani unatafuta kivuli hata cha nguzo ya umeme. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa nyuma ya shule, na mbele yangu, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, alikuwa amekaa Mwalimu Msengi. Ameipakata ile ndege yetu ya manjano kama mtu aliyempakata mtoto aliyelala. Mwalimu Msengi tulikuwa tumemzika miezi kumi kabla. Nililijua hilo hata ndotoni. Sikuogopa. Nilichotaka kujua ni amepitia wapi, maana geti la uwanja ule hufungwa kwa kufuli na siku zile ufunguo nilikuwa nao mimi.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, nisije nikakuacha njiani.

Mimi naitwa Joha, ni fundi wa friji, na kibanda changu kiko nyuma ya stendi ya zamani. Mwalimu Msengi alinifundisha fizikia sekondari, na nilipomaliza shule hakuniacha. Kila Jumamosi nilikwenda uani kwake tukaunda ndege ndogo za kurusha kwa rimoti, mwanzoni za maboksi na betri, baadaye za mbao nyepesi na injini. Majirani walituona watu wasio na kazi. Mke wake, Mama Eliza, alikuwa akituletea chai na kusema, "Haya, marubani, kunyweni kabla hamjaondoka."

Ndege ya mwisho ndiyo iliyokuwa na mambo. Mabawa yake yalikuwa marefu kuliko mkeka wa kulalia. Mwalimu aliitengeneza kwa kumbukumbu. Alipokuwa na miaka saba, akiamia ndege wasile mtama kwenye shamba la mama yake, ilipita ndege ya kunyunyizia kweleakwelea dawa, chini kabisa, ya manjano, pua yake ya mviringo kama chungu. Hakuisahau. Kwa hiyo ya kwetu nayo ilitakiwa iwe na pua ya mviringo, na injini ifichwe humo ndani. Alitafuta kibuyu chenye umbo analolitaka, akakifunika kwa tabaka za kitambaa cha faiba na gundi, na zilipokauka akakivunja kibuyu kilichokuwa ndani, akabaki na ganda jepesi, laini. Tukaliita kofia. Injini, yenye ukubwa wa ngumi yangu, tuliifunga kwa bolti nne kwenye ukuta wa plaiwudi mbele ya ndege, kisha tukaivika kofia. Ilikaa sawasawa, ikiacha nafasi ya unene wa kucha kati yake na pangaboi la mbele.

Ikawaka vizuri. Baada ya dakika nne hivi mlio ukawa mwembamba, ukapanda, ukakatika. Ilikuwa inachemsha, kama gari linavyochemsha mlimani. Tukaivua kofia, ikaunguruma nusu saa bila shida. Tukairudisha kofia, ikazima tena.

Mimi nikasema tuiache wazi. Ndege ngapi zinaruka injini ikiwa nje, na hakuna anayelalamika. "Mwalimu, unataka ipendeze au iruke?"

"Nataka nijue kwa nini," akasema.

Tulibishana Jumamosi tatu. Ile ya tatu walikuwepo walimu wenzake wawili, na mbele yao akasema, "Fundi anayekimbia swali ni mbadilisha vipuri tu." Nilicheka pamoja nao. Nikamaliza chai yangu, nikaaga vizuri, na sikurudi tena.

Alipougua alimtuma binti yake Eliza aje kuniita. Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Akamtuma tena wiki iliyofuata, nikajibu vilevile. Alifariki Alhamisi.

Msiba ulipotulia, Mama Eliza aliniletea ndege kibandani, ameifunika kwa kitenge. "Alisema ni yenu wote wawili," aliniambia. "Siku ya kujengea kaburi, ndugu wakiwa wamekusanyika, nataka ipite juu. Mara moja tu, nimwone mwenzangu amemaliza jambo lake." Nikamuuliza kama naweza kuirusha bila kofia. Aliitazama ile pua ya manjano. "Hiyo sasa itakuwa ndege ya nani?" akaniuliza.

Niliirusha mara mbili. Mara ya kwanza ilizima ikiwa juu, nikaishusha ikielea tu bila injini. Mara ya pili ilizima ikiwa inapinda, ikaangukia bawa. Siku tisa nililiunga lile bawa. Mafuta niliongeza, nikapunguza, skrubu ya kabureta nikaizungusha mpaka vidole vikauma. Jumatano ile, siku tatu kabla ya watu kuja, nikakata shauri: kesho asubuhi nashika msumeno, naikata pua yote, kisha nakwenda kumwomba Mama radhi. Nikalala na uamuzi huo.

Na sasa yuko mbele yangu, juani.

Amevaa sweta yake ya kijani iliyotoboka kwenye kiwiko, na kwa jua lote lile hatoki jasho. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa akiipapasa pua ya ndege kwa kidole gumba, pole pole, kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Mwalimu," nikaanza, "uliponiita, mimi sikuja. Nilikuwa…"

"Hewa," akasema, "inaingia wapi?"

Nikainama nikamwonyesha. Kwenye pua, kuzunguka pangaboi, kulikuwa na uwazi kama bangili. "Hapa mbele. Kote kote."

"Halafu?"

"Halafu inaipoza injini."

Akaniangalia vile alivyokuwa akimwangalia mwanafunzi aliyenakili jibu kutoka nyuma ya kitabu. Hakukasirika. Alisubiri tu. Nikaona haya, nikainama zaidi nichungulie ndani ya pua, na nilipoinua kichwa tulikuwa darasani.

Lilikuwa darasa letu la kidato cha tatu, ubao ule ule wenye ufa. Madawati hayakuwepo. Mahali pake kulikuwa na friji, zimepangwa kuzunguka kuta zote, na nilizitambua moja moja: ya mama muuza juisi, ya bucha la sokoni, ile ndogo ya zahanati inayotunza chanjo. Zote nimewahi kuzitengeneza. Zote zilikuwa zinanguruma kwa pamoja, mgongo umebanwa ukutani, na sauti ile ilikuwa ya kuchoka. Mwalimu anatembea mbele yangu, mikono nyuma. Kwa kila friji anasimama, anapitisha kiganja pembeni, anasogea kwenye nyingine.

"Hizi zinaumwa nini?"

"Hazigandishi," nikajibu. "Zimebanwa ukutani. Joto halina pa kwenda."

Niliyasema haya kama ninavyoyasema kila siku kwa wateja, hata mate sijameza. Usibane friji ukutani, mama, ivute shibiri moja, joto lipate pa kutokea. Mwalimu akasimama. Akaokota kipande cha chaki, akakishika, hakuandika kitu.

"Rudia."

"Joto halina pa kwenda," nikasema, na mara hii nilijisikia.

Akanyoosha mkono akaivuta friji ya zahanati, kidogo tu. Kwa nyuma ikatoka pumzi ya moto, ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo. Ikanipita usoni. Nilipofumbua macho ukuta wa darasa umeanza kupinda, unakuwa wa manjano, na kuna harufu ya kibuyu kibichi.

Tumo ndani ya pua. Sikujiuliza tumewezaje kuenea. Kwa mbele kuna pete ya mwanga, na kivuli cha pangaboi kinapita na kupita, hakina haraka. Katikati imesimama silinda ya injini, kubwa kama kihenge cha mtama, na yale mapezi yake ya kupozea yamepangana kuizunguka kama rafu za duka, moja juu ya nyingine, kuanzia miguuni mpaka juu ya kichwa changu. Nimeyafuta mapezi yale kwa mswaki mara ngapi, lakini sikuwahi kuyaona. Kati ya rafu na rafu mtu angeweza kupitisha mkono. Joto lilikuwa la jikoni kwenye sherehe.

Mwalimu ana ungo. Umejaa pumba za mtama. Anachota konzi moja, anairusha kwenye upepo unaoingia, na anasogea pembeni niangalie.

Nikaangalia. Pumba zilikuja mbio kutoka kwenye pete ya mwanga, zikaikaribia silinda, zikagawanyika mbili. Nusu zikapita kushoto, nusu kulia, zikiambaa na ukuta wa kofia ambako kuna nafasi ya kutosha. Hakuna hata pumba moja iliyoingia kati ya mapezi. Zilipofika nyuma zikakuta tundu dogo sakafuni, la kidole gumba, zikasongamana pale kama watu waliofika kwenye ofisi ya dirisha moja: wa mbele wanasubiri, wa nyuma wanasukuma, mwisho hata wanaokuja wanageukia mlangoni. Na kweli zikaanza kurudi. Zilizunguka juu yetu taratibu, zikawa zinashuka mabegani mwangu, na zilikuwa za moto.

Hapo ndipo nilipoisahau aibu yangu. Nilitaka kujua. Sijui niseme vipi. Ilikuwa ile hamu ya zamani, ya Jumamosi, inayokufanya usisikie njaa.

"Kwa nini hazipiti katikati?" nikamuuliza.

"Wewe ungepita wapi?"

"Penye nafasi."

"Basi."

Nikazunguka silinda. Sakafuni kulikuwa na mbao za plaiwudi, sikuuliza zimetoka wapi. Nikasimamisha moja kushoto na moja kulia, nikazisogeza mpaka zikakaribia mapezi, zikabakiza mwanya wa njiti ya kiberiti. Pembeni pote nikapaziba. Upepo sasa ungepita katikati, utake usitake. Mwalimu akarusha konzi ya pili. Pumba zikaja, zikagonga mapezi, zikasimama hapo hapo. Zilijaa mbele yake kama vumbi lililotulia kwenye mwanga wa dirisha.

"Bado," akasema.

Alilisema bila kunihukumu, kama anayejisemea. Naye alikuwa anaangalia. Nikagundua kwamba hajui zaidi yangu, au kama anajua amelisahau jibu ili tulitafute pamoja. Nikageuka nyuma nikalitazama lile tundu la sakafuni. Friji ya zahanati ikanijia, na ile pumzi. Nikaliendea, nikalipiga teke ukingoni. Faiba ikamegeka kama ukoko wa wali. Nikapiga tena, na tena, mpaka tundu likawa mlango, na mlango ukawa mpana kuliko ile pete ya mbele yote.

Hewa yote iliyokuwa imesimama ikaondoka kwa mkupuo mmoja. Pumba zikaingia kati ya mapezi, kila rafu na mstari wake, zikapita zikilia sauti nyembamba, zikatoka nyuma, zikapotea kwenye mwanga. Joto likashuka usoni pangu taratibu, kama maji yanavyoshuka kwenye beseni lililotoboka. Nikaweka kiganja kwenye silinda. Ilikuwa ya moto, lakini ya kushikika.

"Kwa hiyo mlango wa kutokea uwe mkubwa kuliko wa kuingilia," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikafikiri. Hakunisaidia. "Kwa sababu hewa ikipata joto inavimba. Inayotoka si ile iliyoingia. Inataka nafasi zaidi."

"Ehe," akasema Mwalimu.

Basi nikamwambia. Nilikuwa nimelibeba neno lile miezi kumi na nilijua siku nyingine sina. "Ulimtuma Eliza mara mbili. Nilidhani unataka nije nikuombe radhi. Nikakaza shingo."

Akapangusa pumba kwenye sweta. "Nilikuwa na swali," akasema. "Nilitaka mtu wa kuliangalia pamoja na mimi."

Nililia kidogo, kule ndani ya pua ya ndege, na upepo ukayakausha machozi kabla hayajafika kidevuni.

Sijui tulitokaje. Tuko kwenye chumba chembamba, dirisha dogo, pazia la maua ya bluu. Mwalimu amekaa kitandani, blanketi magotini. Ndege hana tena. Mikono yake imekonda. Nyuma ya ukuta kuna sauti: mwiko unakwaruza chini ya sufuria, unazunguka, unatulia, unazunguka tena. Kuna harufu ya uji wa ulezi. Nikataka kusema neno, akainua kidole kuninyamazisha, kama alivyokuwa akifanya redioni wakisoma habari. Tukasikiliza wote wawili. Ulikuwa mzunguko ule ule, wa mtu asiye na haraka anayeogopa uji usishike madonge.

"Mwambie Mama Eliza," akasema, "nilikuwa nausikia mwiko."

"Mwiko gani, Mwalimu?"

"Mpaka mwisho. Nilikuwa nausikia."

Uso wake ulikuwa unafifia, au mwanga ndio ulikuwa unaongezeka. Nikajua muda unakwisha, na badala ya kumshika mkono nikauliza swali. Ndivyo alivyonilea. "Huko uliko, kukoje?"

Akakunja uso akifikiri, kwa dhati kabisa, kama ningemuuliza kwa nini mbingu ni ya bluu.

"Sijamaliza kuangalia," akasema.

Nikaamka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, kiganja wazi, kama mtu anayepima joto la kitu. Nje bado giza, hata adhana ya alfajiri haijaadhiniwa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikayarudia mambo mawili kwa sauti, nisije nikayapoteza: mlango wa nyuma, na mwiko. La kwanza nililielewa. La pili sikulielewa hata kidogo.

Kulipopambazuka nilikwenda kibandani, msumeno nikauacha ukutani. Nikafungua skrubu nne za kofia nikaigeuza juu chini. Kwa chini, nyuma, Mwalimu aliacha uwazi wa vidole viwili, na sisi wote wawili tuliuona mara nyingi na kuuita mlango wa hewa. Lakini bomba la ekzosi, la kutolea moshi, lilikuwa linatokea papo hapo. Ukiivika injini kofia, uwazi wote ulijaa bomba. Kilichobaki kisingepitisha hata kidole changu kidogo. Mimi, niliyeshinda nikiwaambia watu wavute friji zao zitoke ukutani, nilikuwa nimeibana injini kwenye chungu na kushangaa inachemsha.

Nikapanua uwazi ule kwa kisu cha moto na tupa. Nikachonga vipande viwili vya plaiwudi, nikavigundisha ndani ya kofia vikumbatie silinda, nikabakiza mwanya wa njiti ya kiberiti. Ile pete ya mbele nikaiziba kwa juu, nikaacha wazi mahali panapoelekea mapezi tu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo ndoto haikunionyesha: mpira wa mafuta ulikuwa unagusa ekzosi, mafuta yanapata moto kabla hayajafika kwenye kabureta. Nikauhamishia upande wa pili. Hilo niliona mwenyewe, na nikafurahi kwamba aliniachia kitu.

Nikaufunga mkia wa ndege kwenye mguu wa meza, nikaiwasha. Dakika nne zikapita. Ya tano, ya sita. Ya saba mlio ukaanza kuwa mwembamba, nami nikaizima haraka kabla haijajizima. Moyo uliniuma, siwezi kusema uongo. Nikaivua kofia, nikapanua mlango wa nyuma kwa upana wa kidole kimoja zaidi, nikaukunja ukingo wake wa mbele ushuke chini kidogo ili upepo wa nje uvute ule wa ndani. Nikaiwasha tena. Ilikwenda mpaka tanki likaisha. Nilidondosha tone la maji juu ya silinda. Halikuruka wala kuchachatika. Lilikaa pale, likapungua polepole, likakauka.

Jumamosi kaburi lilijengewa, sala zikasomwa, watu wakala. Kisha tukaenda uwanjani, wazee wakiwa wamebebewa viti. Niliiwasha na kuiachia, ikakimbia kwenye vumbi, ikanyanyuka. Nilikuwa nimeahidi mara moja. Ilipita mara nyingi zaidi, maana sikuona sababu ya kuishusha. Mlio wake haukubadilika. Nilipoileta chini, sambamba na watu, kaka yake mkubwa Mwalimu, mzee anayetembelea fimbo, aliinamisha kichwa ikapita. Alipoinuka alisema kwa wale waliokuwa karibu naye, "Ilipita hivi hivi. Mimi na yeye tulijitupa chini kwenye mtama." Mama Eliza alikuwa amesimama peke yake, mkono kwenye paji la uso kukinga jua, anaifuata kwa macho mpaka ilipotua. Hakupiga makofi. Alitikisa kichwa tu, mara moja, kama mtu anayekubali hoja.

Ule ujumbe mwingine sikuwa nimeutoa. Niliogopa. Utamwendeaje mjane, siku ya kujengea kaburi, umwambie habari za mwiko? Jioni, wageni walipopungua, nilibaki uani namsaidia kuosha masufuria. Tulikuwa wawili tu. Nikasema, bila kuinua macho kwenye povu, "Mama, nilimwota Mwalimu. Jumatano usiku."

"Alikuwaje?"

"Mzima. Alinipa neno nikuletee, lakini sijui maana yake. Alisema nikwambie alikuwa anausikia mwiko. Mpaka mwisho."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Nilidhani nimekosea. Bomba la jirani lilikuwa likidondosha maji ndooni.

"Siku ile asubuhi aliniomba uji," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya chini tu. "Nikamwacha chumbani nikaja jikoni. Unga wa ulezi ule ulikuwa unashika madonge, nikasimama nao nakoroga, nakoroga. Nilipoingia na bakuli, alikuwa amekwenda." Akautoa mkono mmoja majini akaufuta kwenye kitenge. "Watu niliwaambia nilikuwa nimemshika mkono. Hata Eliza anajua hivyo. Niliona aibu kusema alikufa peke yake, mimi napika."

Nikaweka sufuria chini.

Mama Eliza alilirudia lile neno la mwiko, midomo yake ikiligusa bila sauti. Kisha akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

"Sweta ya kijani."

"Ile yenye tundu?"

"Ile yenye tundu."

Akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, akanionyesha na mimi cha kwangu. Masufuria mawili yalikuwa bado hayajaoshwa.

"Anza mwanzo," akasema. "Na usiruke kitu."